Rimu za Inchi Nane

Jumapili moja ya Mei 2018, jioni, mpwa wangu alinipigia simu akihema kama aliyetoka mbioni kwa miguu. "Mjomba, tumeshinda!" Hakusema nimeshinda. Alisema tumeshinda, kwa sababu lile gari tulilitengeneza wawili, usiku baada ya kazi, katika gereji yangu ndogo hapa Minnesota. Nilimwita mke wangu atoke jikoni aje asikie.

Haikupita saa moja akapiga tena. Safari hii alizungumza polepole. "Mjomba, wananiita mwizi."

Hakuna aliyemwita mwizi. Hilo nililijua baadaye, nilipoonana na watu waliokuwepo. Lakini ndivyo alivyosikia yeye. Kijana huyu hajawahi kuchukua hata senti ya mtu, na mpaka leo najiuliza alifikaje mahali pa kusikia neno hilo. Naieleza njia aliyopita kwa sababu nimewaona wengine wakiipita, na kwa sababu sehemu ya njia hiyo nilimshika mkono mimi mwenyewe.

Yeye alikulia Nakuru. Autokrosi aliyoijua ni ile ya nyumbani: uwanja wa udongo, vumbi, watu wamejipanga ukingoni, magari yanarudi yamebadilika rangi. Kule jambo la kwanza linaloulizwa kuhusu gari ni kama lina turbo au halina, na kama linasukumwa na magurudumu mawili au manne. Ukijibu hayo umeshajua unashindana na nani. Alipofika Marekani akanunua Mazda Miata ya 1990, kigari cha watu wawili kinachofunguka paa, injini ya cc 1,600, nguvu za farasi 116, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, turbo hakuna. Akajua moyoni kwamba yuko na wanyonge wenzake.

Na kwa upande wa gari alikuwa sahihi. Chama chenye kitabu ambacho vilabu vingi vya autokrosi Marekani hukifuata ni Sports Car Club of America, SCCA, kilichoanzishwa 1944. Mwishoni mwa kitabu hicho kuna Kiambatisho A, orodha ndefu ya magari na madaraja yake. Mpwa wangu aliitafuta Miata ya 1990 akaikuta chini ya daraja la E Street. Alisoma mstari huo mmoja akafunga kitabu.

Mstari ule humwambia mtu gari lake ni la daraja gani likiwa kama lilivyotoka kiwandani. Mambo uliyolifanyia tangu hapo yameelezwa kurasa nyingine, na hizo hakuzifungua.

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo wenyewe: autokrosi ya huku huchezwa kwenye lami, aghalabu katika eneo kubwa la kuegeshea magari au uwanja wa ndege wa zamani. Njia huchorwa kwa koni za plastiki. Gari hukimbia peke yake dhidi ya saa, kwa dakika moja hivi, na saa husoma mpaka sehemu ya elfu ya sekunde. Ukiangusha koni unaongezewa sekunde 2. Ukikosea njia mzunguko huo hauhesabiwi. Ukimaliza zamu yako unavaa fulana ya kuonekana na kwenda kusimama uwanjani kuokota koni wanazoangusha wenzako. Ni mchezo wa watu wa kawaida wanaokuja na gari lile lile la kwendea kazini. Fainali ya taifa hufanyika Lincoln, Nebraska, kila Septemba, nayo hukusanya madereva zaidi ya elfu moja.

Sasa, watu elfu moja wenye magari elfu moja utawashindanishaje kwa haki? SCCA hupanga magari kwa makundi kama ngazi, kulingana na kiasi ambacho gari limebadilishwa. Chini kabisa kuna kundi la Street, la magari yanayokaribia sana hali ya kiwandani. Juu yake Street Touring, kisha Street Prepared, kisha Street Modified, na kuendelea mpaka Prepared na Modified, ambako kuna magari ambayo askari wa barabarani hangeyaruhusu yatoke hata getini. Ndani ya kila kundi kuna madaraja yake.

Jambo ambalo sisi mafundi hulikosea ni namna ya kuisoma kanuni yenyewe. Tumezoea sheria inayotaja makatazo: usipite taa nyekundu, usiendeshe bila leseni, na yasiyotajwa fanya upendavyo. Kitabu cha autokrosi kimeandikwa kinyume chake. Gari linachukuliwa kuwa ni la kiwandani, kisha kila kundi linataja yale machache unayoruhusiwa kugusa. Kisichotajwa hakiruhusiwi. Ukiona kitabu kimenyamaza kuhusu kipuri fulani, hicho hakiguswi.

Katika Street, kwa kanuni za mwaka ule, orodha ilikuwa fupi na ya busara. Shokomzoba unaweza kubadilisha, ila kikalio cha springi kibaki mahali pake pa asili, na springi zenyewe ziwe za kiwandani. Stablaiza unaweza kubadilisha moja tu, ya mbele au ya nyuma. Breki pedi ni hiari yako. Chujio la hewa unaweza kuweka jingine ndani ya sanduku lile lile. Bomba la moshi una uhuru nalo kuanzia nyuma ya kataliki, yaani kile kifaa cha kusafishia moshi. Tairi ziwe za barabarani, zenye alama ya uchakavu isiyopungua 200. Rimu unaweza kununua nyingine, kipenyo kipande au kishuke inchi 1, lakini upana uwe ule ule wa kiwandani. Spea tairi na jeki unaweza kuviacha nyumbani. Na nguzo za kukulinda gari likipinduka unaruhusiwa kuongeza katika kundi lolote. Kitabu hakimnyimi mtu usalama, na kwa gari la paa wazi ningemsihi kila mmoja aziweke kabla ya kitu kingine chochote.

Tulifanya nini sisi? Miata ya 1990 ilitoka kiwandani na rimu za inchi 14 kwa upana wa inchi 5.5. Tukafunga za inchi 15 kwa upana wa 8. Msomaji asiye fundi anaweza kuona ni kitu kidogo. Si kidogo. Rimu ikiwa nyembamba, tairi huvimba pembeni kama puto lililobanwa, na kwenye kona ukuta wake hujikunja na mpira kuinuka kutoka kwenye lami. Rimu ikiwa pana, tairi hunyooka, ukuta hausogei, mpira wote unashika chini. Katika mchezo ambao ni kona baada ya kona, sioni kipuri kingine kinachokupa sekunde kwa bei ile. Kisha tukaweka shokomzoba zenye nyuzi za kupandisha na kushusha springi, pamoja na springi ngumu zaidi, gari likalala chini kwa vidole viwili. Tukabadilisha stablaiza ya mbele na ya nyuma. Tukang'oa sanduku la chujio tukaweka bomba la kuvuta hewa baridi. Shokomzoba zilimgharimu dola 1,100, rimu na tairi zake dola 1,300. Zilikuwa akiba zake za majira mazima ya baridi, na mimi ndiye niliyemchagulia kila kitu. Nilijua kipi kinafanya gari likae barabarani. Sikujua kwamba kuna kitabu cha kuuliza kwanza.

Siku ya mashindano alfajiri walimkagua. Walitikisa magurudumu, wakashika betri kuona imefungwa, wakakanyaga breki, wakatazama muhuri wa usalama wa Snell ndani ya helmeti, wakambandikia stika. Hapa naomba dereva mpya atulie asome mara mbili: ukaguzi ule ni wa usalama. Unathibitisha kwamba gurudumu halitachomoka. Haumwambii mtu kwamba gari lake ni halali kwa daraja aliloliandika kwenye fomu. Jukumu hilo ni la aliyeandika fomu, peke yake. Mpwa wangu aliichukua stika ile kama cheti.

Katika daraja lake kulikuwa na mama mmoja wa makamo, mwalimu mstaafu, mwenye Miata ya umri ule ule. Asubuhi alimwazima mpwa wangu kipimo cha upepo wa tairi na kumwonyesha kona ambayo wageni hupotelea. Gari lake lilikuwa kwenye rimu nyembamba za asili. Alikuwa amebadilisha shokomzoba, stablaiza ya mbele na tairi, basi. Yaliyobaki alikuwa ameyafanyia kazi kwa mikono na macho, msimu baada ya msimu. Mpwa wangu alimshinda kwa sekunde moja na nukta sita.

Mama yule hakukimbilia kwa wakubwa. Alimfuata kijana alipokuwa akikusanya vitu vyake, akamwambia taratibu, "Gari lako ni zuri sana, lakini si la daraja hili. Rimu hizo hazikubaliki Street. Nenda mwenyewe kaseme, watakuhamisha, na hakuna atakayekulaumu."

Hapo ndipo pa kuokokea palipokuwa. Mtu mzima amekuja na neno la siri, tena la upole. Mpwa wangu, ambaye nyumbani hawezi kumjibu mtu wa umri wa mama yake akiwa amekaa, alimwambia: "Nimekaguliwa asubuhi. Kama hujui kushindwa, usicheze."

Alinisimulia maneno hayo yeye mwenyewe, akiwa ameinamisha kichwa. Sikumsaidia kuyapunguza.

Mama akaandika malalamiko rasmi na kulipa ada yake, kama kanuni inavyotaka. Malalamiko yana taratibu zake. Hutolewa kwa maandishi, ndani ya muda uliowekwa, na kutaja kifungu kinachodaiwa kuvunjwa. Yakihitaji injini ifunguliwe, mlalamikaji huweka dhamana ya gharama. Gari likikutwa halali dhamana yake ndiyo inayolipa, na likikutwa haramu mwenye gari hubeba. Safari hii hapakuhitajika kufungua chochote. Madereva watatu walioteuliwa kuamua walimwomba mpwa wangu afungue gurudumu moja. Nyuma ya spoku, mahali ambapo mtengenezaji huchonga vipimo, palisomeka wazi: 15x8. Kazi iliisha kwa dakika tano. Jina lake likaondolewa kwenye matokeo, na kile kibao cha mshindi alichokuwa amekishika akakiacha juu ya meza bila kusema neno. Ndipo akanipigia simu ile ya pili.

Wapo watakaoniambia yalikuwa mashindano madogo ya mtaani, kibao cha mbao, mbona makelele? Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu aliyetumia misimu mitatu kujifunza kulipeleka gari la nguvu za farasi 116 kwenye tairi nyembamba ana haki ya kushindana na wenye tairi nyembamba. Tukimwambia ni mchezo tu, tumemwambia kazi yake si kitu. Wala nia njema haikumrudishia mama yule sekunde hata moja.

Usiku ule tuliketi mezani tukafungua kitabu, ambacho SCCA hukitoa bure kwenye intaneti kila mwaka. Tukasoma sehemu ya 13, ya Street, kisha ya 14, ya Street Touring, kifungu kwa kifungu, tukilinganisha na gari lililosimama gerejini. Tulidhani tutahama ngazi moja juu na mambo yaishe. Daraja la STS, katika Street Touring, ndilo lililokuwa la Miata za miaka ile, na kule springi zetu zinaruhusiwa, stablaiza zote mbili zinaruhusiwa, bomba la hewa linaruhusiwa. Tukaanza kutabasamu. Halafu tukafika kwenye rimu: STS, upana usizidi inchi 7.5.

Nusu inchi! Daraja lililoruhusu rimu pana kama zetu lilikuwa STR, lenye ukomo wa inchi 9, na huko wenyeji walikuwa akina Honda S2000, nguvu za farasi 240. Na hata rimu tungebadilisha, nilipoingia chini ya gari kwa tochi niliona jambo ambalo macho yangu yalikuwa yamelipita miezi yote ile. Aliyetuuzia gari alikuwa amekata kataliki akaunganisha bomba tupu. Street Touring inataka kataliki iwepo. Tena sheria ya shirikisho ya hewa safi inakataza kuiondoa kwenye gari la barabarani, kwa hiyo kosa hilo halikuwa la uwanjani peke yake. Ngazi iliyofuata juu yake ilikuwa Street Prepared, ambako Miata zilikimbia daraja la CSP, dhidi ya watu wenye tairi za mbio na injini zilizoandaliwa kwa miaka.

Gari letu halikuwa na nyumba. Kila kipuri kilikuwa kizuri, na kwa pamoja vilikuwa vimelitupa katikati ya ngazi: limebadilishwa mno kwa walio chini, limebadilishwa kidogo mno kwa walio juu. Nadhani hasara hii ndiyo inayowapata wengi, kuliko hata ile ya kunyang'anywa kibao. Mtu hununua kipuri kimoja kwa sababu rafiki anacho, cha pili kwa sababu kilikuwa na punguzo, na siku anayofungua kitabu anakuta ameshahama nyumba tatu bila kujua. Afadhali kuchagua daraja kwanza, ukaliandika kwenye karatasi ukutani, kisha ununue vile tu ambavyo daraja hilo limevitaja. Na ukinunua gari lililotumika, chukulia kwamba mwenye nalo wa kwanza aligusa kila kitu, mpaka uthibitishe.

Mpwa wangu alichagua kurudi chini, Street. Tukatafuta rimu za inchi 14 kwenye yadi ya magari chakavu, tukanunua springi za asili, sanduku la chujio, na kataliki mpya iliyotuumiza kuliko vyote. Stablaiza ya mbele tukaibakisha, ya nyuma tukarudisha ya zamani.

Julai klachi ikaanza kuteleza. Nikashusha gia boksi, na nyuma ya klachi nikakuta flaiwili nyepesi ya aluminiamu, si ya kiwandani. Nayo ni kazi ya mwenye gari wa kwanza. Injini yenye flaiwili nyepesi hupanda haraka zaidi, na katika Street hairuhusiwi. Nilisimama nayo mkononi muda mrefu. Kuipata ya asili kungetuchukua wiki mbili na dola ambazo kijana hakuwa nazo. Ikikaa ndani ya gia boksi, nani ataiona? Nikasema, na naandika haya kwa aibu: "Turudishe hii hii. Hakuna atakayejua."

Kijana alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa. "Mjomba, safari ile sikujua," akasema. "Sasa najua."

Tukaagiza ya asili. Alikosa mashindano mawili akisubiri. Wiki moja ya hizo alikwenda uwanjani bila gari, akaokota koni siku nzima, na saa ya mapumziko akamfuata mama yule akamwomba radhi kwa yale maneno. Mama akamuuliza swali moja, kama amesoma sehemu ya 13. Akajibu amesoma. Wakakaa nyuma ya gari lake, akamwonyesha jinsi anavyopima upepo wa tairi nyembamba ili zisikunjane.

Wewe unayefikiria kuingia mchezo huu, namba nilizozitaja ni za 2018. Kitabu hutolewa upya kila mwaka, na madaraja huhamishwa, hufutwa na kuunganishwa. Pakua cha mwaka unaosoma haya. Isome sehemu ya kundi lako yote, si Kiambatisho A pekee, kabla hujatoa hata dola moja. Usipoelewa kifungu, muulize mwenyeji wa daraja lako, ukiwa na kitabu mkononi. Na akija mtu kukunong'oneza kwamba gari lako halipo mahali pake, mshukuru kwanza, kisha kapime.

Msimu ule mama yule alimaliza wa kwanza E Street. Mpwa wangu alimaliza wa sita.